Seongnam: Mji Ulioshushwa Kwenye Malori

Miji mingi ina hadithi ya mwanzilishi wake. Mmoja utaambiwa ulianzishwa na mfalme, mwingine na wavuvi, mwingine na wafanyabiashara waliotafuta mahali pa kutua mizigo. Seongnam, mji ulio pembeni mwa Seoul huko Korea Kusini, ulianzishwa na malori. Mwaka 1969 yalianza kuja kutoka jiji kuu yamepakia watu, masufuria, magodoro na mbao za nyumba zilizobomolewa. Yakafika kwenye vilima vilivyofyekwa, yakashusha, yakageuza. Walioshushwa wakabaki wanatazamana.

Nimeusoma mji huu kwa muda sasa, na kila ninapousoma naona kuwa sisi vijana tunaotaka kuandika riwaya tuna la kujifunza kwake. Korea tunaisikia kwa mambo mawili tu: vita vya 1950 hadi 1953, na ule muujiza wa uchumi ambao wanasiasa wakipanda jukwaani hawachoki kuutaja. Sawa, muujiza upo. Lakini ulijengwa na nani? Na hao wajenzi walilala wapi usiku? Maswali hayo hayaji kwenye mtihani. Seongnam ni jibu mojawapo.

Mahali penyewe

Chukua ramani. Seoul imekatwa katikati na mto Han, unaotiririka kuelekea magharibi hadi baharini. Ukivuka mto kwenda upande wa kusini-mashariki, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, unafika Seongnam. Mji una eneo la kilomita za mraba zipatazo 142 na watu zaidi ya laki tisa. Katikati yake unapita mto mdogo uitwao Tancheon. Unatoka kusini, unakwenda kaskazini, mwishowe unamwaga maji yake kwenye Han.

Huo mto mdogo ndio wa kuushika akilini. Mashariki yake, upande wa kaskazini, kuna vilima vikali. Huko ndiko mji wa zamani uliko, wilaya za Sujeong na Jungwon. Kusini, bonde linapotanuka na ardhi kuwa tambarare, ndiko iliko wilaya ya Bundang, yenye maghorofa yaliyopangwa kama vitabu kwenye rafu. Magharibi ya Bundang kuna Pangyo, mahali pa makampuni ya kompyuta na michezo ya video. Meya ni mmoja, lakini ukimwuliza mtu wa Bundang anaishi wapi, mara nyingi atakujibu "Bundang". Jina la Seongnam litakuja baadaye, tena ukimbana.

Mfalme aliyekimbilia ngomeni

Jina lenyewe halina fumbo. "Seong" ni ngome, "nam" ni kusini. Kwa hiyo Seongnam ni mji ulio kusini ya ngome. Ngome inayosemwa ni Namhansanseong, ukuta wa mawe wa kama kilomita 12 unaozunguka vilele vya mlima mashariki ya mji. Kwa sehemu kubwa iko ndani ya mipaka ya jirani, Gwangju. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Ngome hii ilijengwa upya kuanzia mwaka 1624, wakati wa Mfalme Injo wa ufalme wa Joseon. Mwishoni mwa 1636 majeshi ya Wamanchu, waliokuwa wameanzisha dola ya Qing, yaliingia Korea kwa kasi ya ajabu. Mfalme alitaka kukimbilia kisiwani Ganghwa, akakuta njia imefungwa, akaishia Namhansanseong. Huko alikaa kwa siku zipatazo 47, katikati ya baridi ya kuua. Chakula kilikuwa kikipungua, na wakubwa wake waligawanyika: hawa wanasema tupigane mpaka mtu wa mwisho, wale wanasema tusalimu amri ili wananchi wapone. Mwanzoni mwa 1637 mfalme akashuka. Pale Samjeondo, kando ya mto Han, alipiga magoti mara tatu na kuinamisha kichwa mpaka chini mara tisa mbele ya mfalme wa Wamanchu, Hong Taiji. Wanawe walichukuliwa mateka.

Waandishi wa Korea wamelirudia tukio hilo tena na tena. Kim Hoon aliliandikia riwaya mwaka 2007, ikapewa jina la ngome yenyewe, na mwaka 2017 ikatolewa filamu yake. Mfalme akisalimu amri, kalamu hazikosekani. Mimi nimelitaja kwa sababu nyingine. Miaka zaidi ya 330 baadaye, chini ya mlima uleule, watu wengine walizingirwa na njaa na baridi. Hao hawakuwa wafalme.

Seoul inafurika

Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 Seoul ilikuwa magofu. Wakimbizi kutoka kaskazini walikuwa hawana pa kurudi. Kisha ikaja miaka ya 1960, serikali ya kijeshi ya Park Chung-hee ikasukuma viwanda mbele, na vijana wa vijijini wakaanza kumiminika mjini. Sensa ya 1960 ilikuta Seoul ina watu kama milioni 2.4. Sensa ya 1970 ikakuta milioni 5.5. Miaka kumi tu! Jiji gani litajenga nyumba kwa mwendo huo?

Basi watu wakajijengea. Kando ya kijito cha Cheonggyecheon, kando ya reli, kwenye miteremko ya milima, vikaota vibanda vya mbao, makaratasi na mabati yaliyookotwa. Wakorea waliviita "panjajip", yaani nyumba za mbao. Katikati ya miaka ya 1960 vilikuwa zaidi ya laki moja. Walioishi humo ndio walioshona nguo za kuuzwa nje, waliobeba saruji, waliouza mboga alfajiri. Mji uliwahitaji mchana, usiku haukutaka kuwaona.

Meya wa Seoul tangu 1966 alikuwa Kim Hyeon-ok, mtu aliyepewa jina la utani "Buldoza". Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kubomoa vibanda na kusimamisha maghorofa ya watu wa kipato cha chini hapohapo mlimani, haraka na kwa bei ya chini. Njia hiyo iliishia Aprili 8, 1970, jengo moja la maghorofa ya Wau lilipoporomoka, halijamaliza hata miezi minne tangu lijengwe. Watu zaidi ya 30 walikufa, na Buldoza akajiuzulu. Njia ya pili ilikuwa kuwahamisha walalahoi nje kabisa ya jiji. Mahali palipochaguliwa mwaka 1968 ni mashamba na vilima vya wilaya ya Gwangju, mkoa wa Gyeonggi. Tafadhali usiuchanganye na ule mji mkubwa wa Gwangju wa kusini-magharibi, ulioasi Mei 1980. Mradi ukaitwa Gwangju Daedanji, maana yake mradi mkubwa wa makazi wa Gwangju.

Kiwanja cha pyeong ishirini

Ahadi ilikuwa tamu. Kila familia itapewa kiwanja cha pyeong 20. Pyeong ni kipimo cha kienyeji cha ardhi, na ishirini zake ni mita za mraba kama 66. Yaani mraba wa mita nane na kidogo kila upande. Viwanda vitakuja, kazi zitakuwepo, bei ya kiwanja italipwa kidogokidogo.

Wapimaji walichora mitaa ofisini kwa rula, mistari imenyooka, viwanja vimelingana, kana kwamba chini ni uwanja wa mpira. Kumbe chini ni milima. Ukienda leo mitaa kama Taepyeong utaona matokeo yake: barabara zinapanda kama ngazi ya mnazi, nyumba nyembamba zimebanana bega kwa bega kwenye vipande vilevile vya pyeong 20. Kwangu mimi hiyo ndiyo hati ya historia iliyo wazi kuliko zote. Karatasi za ofisini zinaweza kupotea. Mtelemko haupotei.

Malori yalipoanza kushusha watu mwaka 1969, walichokuta ni ardhi tupu na mahema. Maji ya bomba hakuna, vyoo hakuna, taa hakuna. Majira ya baridi huko usiku hushuka chini ya sifuri, maji yanaganda ndani ya ndoo, na watu wako ndani ya turubai. Kibaya zaidi, kazi zilibaki Seoul. Mabasi yalikuwa machache na safari ilikula zaidi ya saa nzima. Mama aliyekuwa akiuza mboga mtaani kwake kwa kutembea, sasa nauli ilimmaliza faida yote. Viwanda vilivyoahidiwa vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole.

Hapo wakaingia wajanja. Kila aliyehamishwa alikuwa na karatasi inayomhakikishia kiwanja. Mtu mwenye njaa akishika karatasi, ataiuza ale. Madalali wakazinunua, wakaziuza kwa bei ya juu kwa watu wengine wasio na nyumba, wao wakaziuza tena. Walionunua hawakuwa matajiri wote. Wengi walikuwa makarani, walimu na wafanyakazi waliochoka kupanga, wakatoa akiba yao yote kununua ndoto ya mita nane kwa nane. Wale waliouza, baadhi walirudi Seoul wakajenga kibanda kingine, wakasubiri bomoabomoa nyingine.

Mwaka 1971 ulikuwa wa uchaguzi. Aprili palikuwa na wa rais, Park Chung-hee akipambana na Kim Dae-jung, na Mei ukafuata wa bunge. Kabla ya kura, ujenzi ulipamba moto, ahadi zikamwagwa kama mchele wa harusini. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, ujenzi ukasimama. Ndugu msomaji, huhitaji kufika Korea kuelewa kilichotokea hapo.

Agosti 10, 1971

Baada ya uchaguzi ikaja barua. Jiji la Seoul liliwataka walionunua karatasi walipe bei ya kiwanja: kati ya won 8,000 na 16,000 kwa kila pyeong moja, tena kwa mkupuo, kabla Julai haijaisha. Ardhi hiyo jiji lilikuwa limeinunua kwa wakulima kwa mamia tu ya won kwa pyeong. Mkoa wa Gyeonggi nao ukaleta kodi yake. Fikiria mtu asiye na kazi, anayelala hemani, anapokea madai mawili kutoka serikali mbili.

Wakazi hawakurukia mawe. Kwanza waliunda kamati, wakaandika malalamiko, wakapeleka watu ofisini. Walitaka bei ishuke hadi won 1,500 au pungufu, walipe kwa miaka kumi, wasamehewe kodi kwa muda, wapatiwe kazi. Wakapigwa longolongo. Mwishowe waliahidiwa kwamba meya mpya, Yang Taek-sik, atakuja mwenyewe kuonana nao saa tano asubuhi, Agosti 10.

Asubuhi ile mvua ilinyesha. Watu makumi elfu walikusanyika kilimani. Wanaotaja idadi husema elfu thelathini, wengine hufika elfu hamsini, katika eneo lenye wakazi wanaokadiriwa laki moja na nusu. Saa tano ikafika, meya hayupo. Dakika zikapita. Hapo uvumilivu ukakatika. Umati ukateremka, ukavamia ofisi ya mradi na kuichoma, ukapindua na kuchoma magari ya serikali, ukapambana na polisi kwa mawe, wao wakajibu kwa mabomu ya machozi. Kwa muda wa kama saa sita eneo lile halikuwa na serikali. Jioni habari zikafika kwamba madai yamekubaliwa, watu wakatawanyika.

Meya aliyechelewa, bei ya kiwanja, kodi, mvua. Historia nzima inaweza kukaa ndani ya mambo manne hayo. Hakuna aliyetoka nyumbani asubuhi ile akisema leo naanzisha jambo litakaloandikwa vitabuni.

Magazeti ya wakati ule yaliita tukio hilo ghasia. Watu zaidi ya 20 walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Serikali ilitimiza baadhi ya ahadi, na Julai 1, 1973 eneo likatangazwa mji kamili, jina likawa Seongnam. Wakazi wakabaki na doa. Kusema unatoka Seongnam ilikuwa kama kusema unatoka kwa wahuni. Doa hilo lilikaa miaka mingi. Ni mwaka 2021 tu, miaka hamsini ilipotimia, ambapo mji wenyewe ulibadilisha rasmi jina la tukio, likaacha kuitwa ghasia na kuwa harakati ya haki za wananchi.

Miaka hamsini ya kubadilisha neno moja! Anayedhani kazi ya maneno ni ndogo na alitafakari hilo.

Jozi tisa za viatu

Sasa nakuja kwenye sehemu inayonigusa mimi na wewe tunaoshika kalamu. Chini ya serikali ile ya mkono wa chuma, nani aliandika habari za mlima huu?

Mwandishi Park Tae-sun alikwenda mwenyewe, akakaa siku kadhaa, akaandika ripoti iliyotoka jaridani mwaka huohuo wa 1971. Halafu mwaka 1977 akaja Yun Heung-gil na hadithi ndefu ambayo jina lake kwa Kiswahili ni kama "Mtu Aliyebaki kwa Jozi Tisa za Viatu". Mhusika wake ni Bwana Kwon, msomi wa chuo kikuu, mfanyakazi wa kampuni ya kuchapa vitabu. Alinunua karatasi ya kiwanja kutoka kwa mtu, akaingia katika mkasa wa Agosti, akafungwa, na alipotoka polisi wakawa wanamfuatilia. Sasa amepanga chumba kwa mwalimu mmoja. Mali yake ni jozi kumi za viatu, ambazo huzisugua kila siku mpaka zing'ae.

Kwenye hadithi hiyo kuna kisa kimoja kisichonitoka. Katikati ya vurugu, lori lililobeba matikiti ya manjano linapinduka. Matunda yanaviringika matopeni. Watu waliokuwa wakirusha mawe wanayaacha mawe, wanayakimbilia yale matunda, wanayatafuna na tope lake. Bwana Kwon anasimama anatazama. Mpaka hapo alijiona msomi aliyejikuta kati ya watu asiofanana nao. Pale anaona njaa ilivyo. Hotuba ya kurasa kumi kuhusu umaskini haifikii tikiti moja lenye tope.

Baadaye mke wa Kwon anashindwa kujifungua, inatakiwa hela ya upasuaji. Anamwomba mwalimu amkopeshe, mwalimu anasitasita, halafu anajuta na kwenda kulipa. Kwon hajui kama imelipwa. Usiku anavaa kitambaa usoni, anakuja kumwibia mwalimu yuleyule, na wizi wenyewe haujui. Hata mwenye nyumba anamwonea huruma. Akishagundua kwamba ametambuliwa, anatoweka. Wanahesabu viatu chumbani: jozi tisa.

Mwaka 1978 Cho Se-hui naye alitoa kitabu cha hadithi zinazoshikana kuhusu mtu mbilikimo na familia yake, ambao nyumba yao inabomolewa na karatasi yao ya haki ya makazi inaishia mikononi mwa mlanguzi. Mji wake si Seongnam, ila karatasi ni ileile. Kitabu hicho kilifikia chapa ya 300 mwaka 2017. Cho alifariki Desemba 2022.

Tazama walivyofanya. Hawakumtaja rais, hawakutukana serikali. Waliandika viatu, matikiti, karatasi. Hakuna sheria ya kukamata viatu. Na leo mtu akitaka kujua moyo wa mwananchi wa 1971 ulidundaje, hatafungua kwanza faili la polisi.

Chini ya pepo

Mji haukuishia vilimani. Viwanda vilikuja, hasa Sangdaewon, vya nguo, vifaa vya umeme na vitu vidogovidogo. Gulio la Moran likakua. Mwanzilishi wa mtaa huo, Kim Chang-suk, alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, akaupa jina la kilima cha Moranbong kilichoko Pyongyang alikokuacha. Hadi leo gulio lake hufanyika tarehe zinazoishia na 4 na 9.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za nyumba Seoul zilipaa. Rais Roh Tae-woo aliahidi nyumba milioni mbili, na Aprili 1989 serikali ikatangaza miji mipya pembeni mwa jiji kuu. Mkubwa na maarufu kuliko yote ulikuwa Bundang, kwenye tambarare ya kusini mwa Seongnam, ambako kwa miaka mingi ujenzi ulikuwa umezuiwa. Ulipangwa kwa watu kama 390,000. Wakazi wa kwanza waliingia Septemba 1991. Miaka miwili na nusu tu kutoka tangazo hadi funguo mkononi! Mwaka 1994 reli ikafika. Bustani, ziwa la kuchimbwa, shule nzuri, barabara pana. Wakorea wakatunga msemo: juu kuna pepo, chini ya pepo kuna Bundang.

Linganisha sasa. Mji mmoja, serikali mbili za nyakati mbili. Kwa walalahoi wa 1969, malori yalitangulia, maji na kazi vikaahidiwa kufuata. Kwa tabaka la kati la 1991, mabomba yalitangulia, watu wakafuata. Kwa lugha yetu ya mtaani, huku uswahilini, kule uzunguni, katikati mto mdogo tu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Korea ilifanikiwa kwa sababu watu wake wana nidhamu, namwuliza: nidhamu ya nani? Wa vilimani na wa Bundang walikuwa Wakorea walewale. Kilichotofautiana ni kipi kilitangulia.

Kisha Pangyo, kuanzia mwisho wa miaka ya 2000, ikawa makao ya makampuni ya teknolojia. Oktoba 2022 moto ulipozuka kwenye kituo kimoja cha kutunzia data hapo, simu za Wakorea mamilioni zilibaki bila ujumbe wa KakaoTalk. Nchi nzima ikajua siku ile kuwa maisha yake yamehifadhiwa Seongnam. Sisi huku nasi tuna uzi unaotufunga na mji huo: ukiona bango la KOICA, shirika la misaada la Korea, kwenye hospitali au chuo Tanzania, jua makao makuu yake yako Seongnam, wilaya ya Sujeong, wilaya ileile ya vilima.

Bado haujaisha

Mwaka 1976 familia moja maskini kutoka kijijini Andong ilihamia kwenye vilima vya Seongnam. Baba alifanya usafi sokoni Sangdaewon. Mtoto mmoja hakwenda sekondari, aliingia kiwandani, mashine ikamharibu mkono. Alijisomea, akafika chuo kikuu, akawa wakili, na mwaka 2010 akawa meya wa Seongnam. Ni Lee Jae-myung, aliyeapishwa kuwa rais wa Korea Kusini Juni 2025. Hata habari zake hazikuikwepa ardhi: mradi wa viwanja wa Daejang-dong, uliofanyika akiwa meya, ulimfikisha kwenye mashtaka mwaka 2023, naye akayakana. Kiwanja ndicho kilichouzaa mji huu, na kiwanja bado kinaugombanisha.

Jambo moja la wakazi wenyewe silisahau. Mwaka 2003 hospitali mbili za mji wa zamani zilifungwa. Watu wa vilimani walikusanya saini kudai hospitali ya umma. Walikataliwa, wakabezwa, wakarudi tena. Mwaka 2020 hospitali hiyo ilifunguliwa. Wajukuu wa waliosubiri meya mvuani walijifunza kusubiri kwa namna nyingine, saini mkononi.

Sasa vilima vinabomolewa tena. Nyumba za pyeong 20 zinaondolewa mtaa baada ya mtaa, yanasimama maghorofa marefu. Mwenye nyumba hupata fidia au ghorofa jipya, mpangaji hufunga mizigo na kutafuta mahali pengine pa bei nafuu, mbali zaidi. Na Bundang nayo imezeeka. Sheria iliyopitishwa Desemba 2023 iliruhusu miji mipya ya zamani ijengwe upya, na mwaka uliofuata sehemu za kwanza za Bundang zikachaguliwa. Hata kilicho chini ya pepo hudumu miaka thelathini na ushee.

Ndiyo maana nasema anayetaka kuandika asidharau miji ya pembeni. Ikulu ina waandishi wake wa kulipwa. Mji wa pembeni una karatasi iliyouzwa mara tatu, ngazi zinazopanda mlimani bila sababu, jozi moja ya viatu iliyokosekana. Yun Heung-gil alihesabu, akakuta ziko tisa. Wewe kwenye mtaa wako umehesabu nini? Chukua daftari, toka, anza kuhesabu kabla buldoza halijafika.